Treina janja ya bei nafuu: namna ya kuamua kama uinunue

Treina janja ni kifaa kinachoshika sehemu ya nyuma ya baiskeli yako, kikaifanya isimame imara sakafuni huku wewe ukinyonga. Simu au kompyuta ndiyo inayoongoza ukinzani. Programu ikikuonyesha mlima, pedali zinakuwa nzito zenyewe. Ikikuambia ukae kwenye wati 180 kwa dakika 10, kifaa kinakushikilia hapo mpaka dakika ziishe. Pesa unayoongeza juu ya stendi ya kawaida ya mazoezi inanunua vitu viwili tu: ukinzani unaojibadilisha wenyewe na kipimo cha nguvu unazotoa, yaani wati. Uamuzi wote unaanzia hapo.

Kama lengo lako ni kutoa jasho dakika 40 ukiangalia mpira, stendi ya kawaida inatosha, na gia zako ndizo zitakazokuongezea au kukupunguzia uzito. Kama tayari una kipimo cha nguvu kwenye pedali au kwenye kranki (mkono unaoshika pedali), basi wati unazo. Unachokosa ni ukinzani wa kujiendesha, na huo peke yake si lazima uwe na thamani ya treina nzima. Kuna njia ya kati pia: stendi ya kawaida pamoja na kihisi cha kasi cha gurudumu la nyuma. Programu kadhaa, Zwift ikiwemo, hukadiria wati kutokana na kasi ya gurudumu, kwa kuwa ukinzani wa kila aina ya stendi kwa kasi fulani unajulikana. Namba hizo ni za makadirio, ila zinatosha kukuonyesha kama wiki hii umefanya kazi kuliko wiki iliyopita.

Kabla ya kutoa pesa, azima stendi yoyote ufanye vipindi vitatu vya dakika 45 ndani ya wiki moja, kwenye chumba kile kile utakachotumia. Jaribio hili lina faida kuliko maoni mia ya wanunuzi. Utajua kama tandiko lako linavumilika usipoinuka (nje huwa tunainuka mara nyingi bila kujua), kama walio chini ya sakafu yako wanasikia, kama chumba kina hewa, na kama utarudi siku ya tatu. Ukikimbilia dukani kwa sababu siku ya tatu ilikuchosha akili huku mwili bado una nguvu, hapo ujanja wa treina utakusaidia kweli, maana programu hutoa kazi ya kufanya dakika kwa dakika. Lakini ukiwa umeacha kwa sababu ya joto au maumivu ya makalio, treina ya bei yoyote haitakuponya.

Ya tairi au ya mnyororo

Treina za bei nafuu ni za aina mbili. Ya kwanza, tuiite ya tairi, hubana ekseli ya nyuma na kusukuma rola ndogo ya chuma dhidi ya tairi. Gurudumu linabaki mahali pake. Ya pili, ya mnyororo, inakutaka utoe gurudumu la nyuma kabisa. Mnyororo unapita kwenye kaseti ya gia (rundo la vigia vya nyuma) iliyofungwa kwenye treina yenyewe.

Treina ya tairi ni nyepesi, ni rahisi kuihifadhi, na ndiyo yenye bei ya chini kabisa. Udhaifu wake wote unatoka sehemu moja: pale tairi linapogusana na rola. Upepo ukipungua kidogo, msuguano unabadilika na namba zinabadilika nao. Ukisimama ghafla kwenye pedali, tairi linateleza, pedali zinakwenda tupu na goti linapata mshtuko. Tairi la kawaida huisha haraka na kumwaga vumbi jeusi sakafuni. Lipo tairi maalumu la treina, gumu zaidi na lenye kelele ndogo, ila usitoke nalo barabarani, kwa sababu halishiki lami vizuri, hasa penye maji. Maana yake kila unapotaka kutoka nje unabadilisha tairi au unakuwa na gurudumu la pili. Mtu anayetoka nje mara mbili kwa wiki huchoka na kazi hiyo mapema. Na kama baiskeli yako ina tairi la meno la milimani, sahau kulitumia kwenye rola. Mtikisiko na kelele vitakushinda.

Treina ya mnyororo haina tairi la kuteleza wala la kupima upepo. Kelele inayobaki zaidi ni ya mnyororo wenyewe. Ni nzito, mara nyingi kilo 14 hadi 20, na inakuhitaji kaseti inayolingana na baiskeli yako. Kwa maoni yetu, kama bei ya treina ya mnyororo ya daraja la chini inafikika hata kwa kusubiri miezi michache, subiri. Ya tairi iwe chaguo pale tu ambapo nafasi ni finyu, matumizi ni ya msimu mfupi, au baiskeli yako haiwezi kukaa kwenye ile ya mnyororo.

Namba za kwenye boksi

Boksi litakupigia kelele kwa namba nne: mwinuko wa juu, wati za juu, kiwango cha makosa, na uzito wa flaiwili (gurudumu zito la ndani ya treina). Si zote zina uzito sawa kwako.

Mwinuko ndio unaouzwa sana na ndio wenye maana ndogo kuliko zote. Treina za bei ya chini huishia kwenye asilimia 6 hadi 10. Za daraja linalofuata, kama Wahoo KICKR CORE, hufika asilimia 16. Ila kumbuka kwamba Zwift huja ikiwa imewekwa kupunguza mwinuko kwa nusu. Mlima wa asilimia 12 kwenye skrini unaufikia mguu kama asilimia 6. Kasi yako kwenye skrini haibadiliki, kwa sababu inahesabiwa kutokana na wati na uzito wako. Kinachobadilika ni gia utakayohitaji. Kwa hiyo treina ya asilimia 8, mpangilio ukibaki hivyo, inakuvusha mlima wa asilimia 16 bila kugonga dari.

Wati za juu zinakuhusu zaidi ukiwa mzito au ukipenda kukimbia kwa nguvu zote. Fanya hesabu: mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 85, wakipanda mwinuko wa asilimia 8 kwa kilomita 10 kwa saa, wanahitaji takriban wati 185 kushinda uzito peke yake. Hizo treina yoyote inazimudu. Treina yenye kikomo cha wati 600 itakubana tu kwenye mbio za sekunde chache, ambapo hata mtu wa mazoezi ya kawaida anaweza kuvuka namba hiyo.

Lakini kuna jambo ambalo boksi halisemi. Wati za juu zilizoandikwa hupimwa kwa kasi kubwa ya flaiwili, mara nyingi karibu kilomita 40 kwa saa. Breki ya treina nyingi ni sumaku iliyo karibu na bamba la chuma linalozunguka. Nguvu ya kuzuia inazaliwa na mzunguko wenyewe. Bamba likizunguka polepole, sumaku haina cha kushika. Ndiyo maana ukipanda mlima mkali kwenye gia nyepesi kabisa, treina ya bei nafuu inakuwa kama imekata tamaa: pedali zinalegea na wati hazipandi. Dawa ni kuweka gia nzito zaidi ili flaiwili iongeze kasi. Kinyume chake nacho kipo. Ukiwa kwenye gia kubwa na programu inataka wati 90 za kupumzika, kasi ni kubwa mno na treina haiwezi kushuka mpaka hapo. Rudi kwenye kigia kidogo cha mbele. Tafuta kwenye maelezo ya mtengenezaji kiwango cha wati kwa kasi ndogo, kilomita 10 au 15 kwa saa. Akikionyesha, hicho ndicho cha kulinganisha.

Kiwango cha makosa kwa treina za tairi huwa asilimia 3 hadi 5, kwa za mnyororo za bei nafuu asilimia 2 hadi 2.5. Kwenye wati 200, asilimia 5 ni popote kati ya 190 na 210. Asilimia 2 ni kati ya 196 na 204. Kama unafanya mazoezi peke yako, kosa lisilobadilika halikudhuru: ukipimwa 190 kila siku badala ya 200, bado utaona ukipanda. Linalodhuru ni kosa linalohama, leo chini kesho juu, na hapo ndipo treina ya tairi inahitaji nidhamu. Nyingi za bei ya chini hazipimi nguvu moja kwa moja. Hukokotoa kutoka kwenye kasi na mahali breki ilipo. Sumaku ikipata joto, uzuiaji wake unashuka, na jedwali la hesabu linaanza kudanganya.

Kwa hiyo utaratibu wa treina ya tairi ni huu, na ukiona hutaufuata usiinunue. Jaza upepo kabla ya kila kipindi, kwa kipimo kile kile. Kwa tairi jembamba la barabara watu wengi hukaa karibu psi 100, mradi tairi lenyewe linaruhusu. Kaza rola kwa idadi ile ile ya mizunguko ya nobu baada ya kugusa tairi, kama mtengenezaji alivyoagiza. Weka alama ya kalamu kwenye nobu usibahatishe. Nyonga dakika 10 za kupasha moto. Kisha fungua sehemu ya kusawazisha kipimo kwenye programu ya treina, ongeza kasi mpaka ikuambie uache, kwa kawaida kwenye kilomita thelathini na kitu kwa saa, halafu acha kunyonga bila kugusa breki mpaka gurudumu lisimame. Treina inapima muda wa kusimama. Ukisawazisha kifaa kikiwa baridi, namba zote za kipindi hicho zitakuwa na kasoro, na watu wengi hulaumu kifaa kwa kosa hili.

Flaiwili ni lile gurudumu zito ndani ya treina linalofanya pedali zizunguke kwa ulaini. Ya kilo 1 au 2 itakupa hisia ya kukwamakwama, hasa ukinyonga chini ya mizunguko 70 kwa dakika. Ya kilo 4 hadi 5 inakaribia barabara tambarare. Halikuongezei wala kukupunguzia afya. Linakuongezea hamu ya kurudi kesho, na hamu ndiyo inayolipa gharama ya kifaa.

Hali ya wati zilizofungwa

Mazoezi mengi ya programu hutumia hali inayoitwa ERG, ambapo treina inashikilia wati hata ukibadilisha kasi ya miguu. Watu wapya hukwama hapa. Kwa wati 200 ukiwa kwenye mizunguko 90 kwa dakika, mguu unasukuma takriban nyutoni-mita 21 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kwenye kranki. Ukichoka ukashuka mizunguko 60, treina inapandisha mpaka karibu 32 ili wati zibaki zile zile. Ukifika 40, ni karibu 48. Pedali zinageuka zege, na sekunde chache baadaye miguu imesimama. Hakuna kilichoharibika. Acha kunyonga kwa sekunde tatu au nne, treina iachie, kisha anza na miguu ya haraka kabla uzito haujarudi. Ukiwa kwenye hali hii usibadilishe gia ovyo. Kaa kwenye kigia kidogo cha mbele na katikati ya kaseti.

Treina za bei nafuu pia huchelewa kuitikia. Kwenye zoezi la dakika 5 hutagundua. Zoezi la sekunde 15 za nguvu kwa 15 za kupumzika litaisha kabla breki haijafika. Mazoezi mafupi namna hiyo yafanye nje ya ERG, kwa kutumia gia mwenyewe.

Baiskeli yako inaingia?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na ni hapa pa kutumia rula na tochi kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua. Angalia ekseli ya nyuma. Kama ni nyembamba yenye wenzo wa kufunga kwa mkono, upana kati ya pande mbili za fremu utakuwa milimita 130 au 135. Kama ni nene ya milimita 12 inayoskrubiwa upande wa pili, upana ni 142, au 148 kwa baiskeli nyingi mpya za milimani. Treina ya mnyororo huja na adapta. Hakikisha yako imo boksini, siyo ya kuagiza peke yake. Kwa treina ya tairi, ekseli nyembamba inahitaji ile ya chuma inayokuja na treina, kwa kuwa ile ya kwako yaweza isikae vizuri kwenye vibanio. Ekseli nene inahitaji ekseli maalumu ya treina yenye urefu na nafasi ya nyuzi (mikato ya skrubu) zinazolingana na fremu yako: milimita 1.0, 1.5 au 1.75. Mara nyingi ekseli ya zamani imechorwa namba hizo ubavuni. Ukilazimisha nyuzi zisizolingana utaharibu fremu.

Kisha kaseti. Hesabu vigia vya nyuma. Treina nyingi huja na frihabu (kitovu kinachobeba kaseti) ya umbo la HG inayopokea kaseti za gia 8 hadi 11. Kaseti ya 8, 9 au 10 kwenye frihabu ya 11 inahitaji pete ya kujazia ya milimita 1.85 nyuma yake. Ukiisahau, kaseti itacheza hata ukikaza vipi. Kaseti yenye kigia kidogo cha meno 10 haipandi kwenye HG. Inahitaji frihabu ya XDR, Micro Spline au nyingine ya aina yake, na hiyo huuzwa peke yake. Kutoa kaseti kunahitaji spana yenye kipande cha mnyororo na kifungulio cha nati ya kaseti; kuifunga kunahitaji kifungulio hicho na mkazo wa nyutoni-mita 40 ambao kwa kawaida huandikwa kwenye nati yenyewe. Fundi baiskeli yeyote anaimaliza kwa dakika tano. Baiskeli ya zamani ambayo gia zake zimeskrubiwa moja kwa moja kwenye habu haiwezi kuhamisha gia hizo. Kwa mwenye baiskeli ya namna hiyo, treina ya tairi ndiyo njia rahisi.

Ipo pia njia ya kigia kimoja. Zwift Cog ni kigia cha meno 14 kinachokaa badala ya kaseti, na treina inayokubali mfumo huo inaigiza gia 24 kwa kubadilisha ukinzani. Kinapokea minyororo ya gia 8 hadi 12, kwa hiyo nyumba yenye baiskeli mbili tofauti inaweza kushirikiana treina moja. Ubaya ni kwamba programu zisizotumia mfumo huo zitakuachia gia za mbele tu.

Kama breki zako ni za diski za mafuta, ukishatoa gurudumu usiguse wenzo wa breki ya nyuma. Pistoni zitatoka na pedi zitabanana. Weka kipande cha plastiki kati ya pedi, au hata karatasi ngumu iliyokunjwa. Mwisho, soma dhamana ya fremu. Baadhi ya watengenezaji wa fremu za kaboni hawaruhusu treina, na treina nazo zina kikomo cha uzito wa mwendeshaji, mara nyingi kati ya kilo 110 na 125.

Mawasiliano hayana mambo mengi. Tafuta FTMS kwa Bluetooth, au FE-C kwa ANT+ (mfumo mwingine wa mawasiliano bila waya); hizo ndizo lugha ambazo programu hutumia kuongoza treina. Ikiwa na zote mbili ni bora zaidi. Bila hata moja, programu itasoma wati ila haitaweza kuongoza ukinzani. Treina nyingi hukubali kifaa kimoja tu kwa Bluetooth, kwa hiyo kama haionekani kwenye kompyuta, kwanza zima Bluetooth ya simu. Kipokezi cha ANT+ cha USB kisogeze karibu na treina kwa waya wa mita moja au mbili. Mawimbi yakikatika, wati hushuka sifuri katikati ya zoezi.

Gharama kamili

Andika orodha kabla hujalinganisha bei: treina, kaseti au tairi la treina, adapta ya ekseli, mkeka mzito, feni, na ada ya programu ya miezi yote utakayotumia kwa mwaka. Ada ndiyo husahaulika, na kwa miaka miwili au mitatu inaweza kukaribia bei ya treina. Zipo za bure, kama MyWhoosh. Gawa jumla kwa idadi ya vipindi unavyoamini utafanya: mara 3 kwa wiki kwa wiki 20 ni 60. Ukijibana kwa mara moja kwa wiki na gharama bado inakuridhisha, nunua.

Kama bajeti inakulazimisha kuchagua kati ya feni kubwa na treina ya daraja la juu zaidi, chukua feni. Nje, upepo wa mwendo ndio unaokupoza. Ndani, bila feni, joto linajikusanya, mapigo ya moyo yanapanda hata wati zikibaki zile zile, na baada ya dakika 25 unadhani huna nguvu. Ielekeze kifuani na usoni. Tandika taulo kwenye usukani, maana chumvi ya jasho hula boliti za usukani na za uma polepole bila kuonekana, na futa baiskeli kila unaposhuka.

Ukinunua iliyotumika

Nenda na simu yenye programu, viatu, na baiskeli yako mwenyewe. Treina iwe imechomekwa umeme kwa adapta yake halisi. Linganisha volti na ampea na zile zilizochapwa kwenye treina, kwani adapta dhaifu huifanya ikatikekatike inapoombwa wati nyingi. Zungusha mpaka kilomita 35 kwa saa kisha acha: mlio wa kukwaruza ni beringi, mlio wa kupiga filimbi ni mkanda. Weka ERG kwenye 100, 150 na 200, dakika mbili kila moja. Namba zikipanda na kushuka kwa wati 30 huku miguu yako imetulia, iache. Simama upige nguvu sekunde tano; ikiruka au kugonga, frihabu au mkanda umechoka. Hakikisha programu ya ndani inakubali kusasishwa papo hapo, mbele ya muuzaji.

Kwa mpya, fanya majaribio hayo hayo ndani ya siku za kurudisha, na ufanye angalau kipindi kimoja cha saa nzima, kwa sababu kasoro za joto hazionekani katika dakika 10. Usitupe boksi wala povu la ndani mpaka siku hizo zipite. Kifaa cha kilo 18 hakisafiri salama kwenye katoni ya kuokoteza, na kikifika kwa muuzaji kimepinda mguu, hoja yako ya kurudishiwa pesa inakuwa ngumu.